Ubuntu imeganda katikati ya kusakinishwa, sasa laptopu inaishia kwenye grub>

Mtaka Kujua
Wakuu habari zenu. Nilikuwa naweka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) pembeni ya Windows 10. Ikaenda vizuri hadi karibu na mwisho, ikaganda, hata mshale wa mausi hausogei. Nikasubiri weee, mwisho nikazima kwa kitufe. Sasa kila nikiwasha napata skrini nyeusi imeandikwa grub> basi. Windows siioni kabisa, na kuna mafaili ya kazi sina kopi yake popote. Nifanyeje?

Chap Chap
Futa diski nzima mkuu, piga Windows mpya. Unahangaika nini?

Kobe
Mtu kasema hana kopi, wewe unamwambia afute diski! Mkuu, usiguse kitu. Hiyo grub> maana yake kianzishi cha Linux (GRUB, programu inayowasha mfumo) kimeshaandikwa ila hakipati faili lake la mipangilio. Windows huenda iko salama. Hapo hapo andika ls (inaorodhesha diski na patisheni, yaani vipande vyake), bonyeza Enter, tuletee majibu.

Mtaka Kujua
Imeleta (hd0) (hd0,gpt5) (hd0,gpt4) (hd0,gpt3) (hd0,gpt2) (hd0,gpt1)

Kobe
Safi sana. Hiyo gpt (mpangilio wa kisasa wa patisheni) inatuambia Windows yako inawaka kwa UEFI, njia ya kisasa ya kuwasha kompyuta. Huko kila mfumo una folda yake ndani ya patisheni ya EFI (ndiyo inayotunza vianzishi), kwa hiyo Ubuntu kwa kawaida haifuti ya Microsoft, inajiweka tu mbele ya foleni. Andika exit. Ikigoma, zima, kisha washa huku unagongagonga F12 ili ije menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Kuna mashine zinatumia F9 au Esc. Chagua Windows Boot Manager. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), ni tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Waya Mwekundu
Kwa watakaopita hapa baadaye: ls ikileta msdos1 badala ya gpt1, hiyo ni MBR, mpangilio wa diski wa kizamani, na GRUB imeshakalia nafasi ya kianzishi cha Windows. Hapo utahitaji flashi ya Windows, uingie Command Prompt (dirisha la kuandika amri), uandike bootrec /fixmbr.

Mtaka Kujua
exit imenirudisha pale pale, ila F9 imekubali!! Windows imefunguka, mafaili yote yapo, nayahamishia diski ya nje sasa hivi. Asante sana Kobe. Naweza kurudia Ubuntu leo?

Kobe
Taratibu. Kuganda kule kuna sababu, na mimi nashuku flashi au diski yenyewe. Linganisha SHA256 (alama ya kuhakiki faili) ya ISO, yaani faili la kusakinishia ulilopakua, na ile iliyo kwenye tovuti ya Ubuntu, andika upya kwenye flashi nyingine, halafu pima diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski. Ikikuandikia Caution, achana na Ubuntu kwanza, tafuta diski. Na zima Fast Startup (kuwaka haraka, ambako Windows haijizimi kabisa) huko Windows, la sivyo Ubuntu itakataa kuandika kwenye patisheni za Windows.

Chap Chap
Haya, nimenyamaza.