Je, nyumba za kihistoria zikodishwe kwa upigaji picha za mitindo?

Mleta mada: Picha zikitoka tunaona gauni refu, ngazi ya marumaru na kioo chenye fremu ya dhahabu. Nyaya zilizotandazwa sakafuni na watu wanaopishana na masanduku mlangoni hatuzioni. Ninaunga mkono ukodishaji, mradi fedha zirudi kwenye paa na kuta, kwa kuwa mvua inayovuja huharibu nyumba kuliko kamera yoyote. Mwaka 1973 wabunifu wa Marekani na Ufaransa walifanya onyesho la mitindo katika kasri la Versailles, Ufaransa, ili kuchangia ukarabati wake, na linatajwa mpaka leo.

Mhifadhi: Hakuna anayelalamikia kamera, ndugu yangu. Tunalalamikia taa. Kasri la Windsor, Uingereza, liliungua Novemba 1992 baada ya taa kugusana na pazia katika kanisa la ndani, na kulikarabati kulichukua miaka mitano na zaidi ya pauni milioni 36. Hata pasipo moto, vitambaa vya kale hupendekezwa visizidishiwe mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na rangi ikishapauka hairudi. Isitoshe, watu wa mavazi hawaambiliki: wasusi na wapambaji hupuliza dawa zao popote wanaposimama, kisha huondoka na kutuachia utando kwenye vioo.

Mpambaji: Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye "hawaambiliki". Katika nyumba moja tulipangiwa kona ya korido, na ukuta uliokuwa nyuma yetu ulikuwa wa karatasi ya kale iliyochorwa kwa mkono. Nilitandika plastiki mwenyewe. Niliomba tuhamishiwe chumba chenye sakafu ya vigae, na msimamizi wa uzalishaji akajibu kwamba muda hautoshi, huku pasi ya mvuke ikiwashwa hatua chache kutoka ukutani. Mwakilishi wa nyumba alikuwa amesimama palepale na hakusema lolote. Sasa mhifadhi atueleze, asiyeambilika ni nani: mimi niliyeomba kuhama au waliokataa?

Mpiga picha: Naomba tuwe waangalifu na mifano. Windsor hapakuwa na upigaji picha za mitindo siku ile, kwa hiyo si haki kutubebesha moto huo. Taa za LED tunazotumia leo hazichomi kama zile za zamani za tungsten, zenye waya unaowaka kwa joto kali, na miguu ya stendi tunaivisha mipira ya tenisi iliyopasuliwa ili isikwaruze mbao. Kuhusu wapambaji, namuunga mkono mhifadhi kwa sehemu, maana nimewahi kuona kopo la dawa ya nywele limewekwa juu ya meza ya kale bila hata kitambaa chini yake.

Mpambaji: Kopo moja! Mbona viatu vya mchuchumio hukuvitaja? Uzito wote wa mwanamitindo hushukia kisigino chenye upana wa ncha ya kidole, mbao zikabonyea, na anayemwagiza apite hapo mara kumi ni wewe uliyeshika kamera. Sisi ndio humvisha soksi juu ya viatu kati ya picha na picha.

Mhifadhi: Nalipokea la soksi, nalo linanipa moyo. La LED silipokei lote. Joto limepungua kweli, lakini mwanga ni uleule, na madhara yake hujumlika: saa chache za leo huongezwa juu ya saa zote ambazo kitambaa kimeshakaa nuruni. Kuna pia nondo, ambao hawajatajwa bado. Mavazi ya sufu na manyoya yaliyokaa ghalani huweza kuingia na mayai yao, na zulia la kale likishashambuliwa, fedha ya pango haitoshi kulirejesha.

Mleta mada: Naona tumeacha swali la fedha.

Msomaji: Hata mfano wako wa fedha haukukaa sawa. Versailles mwaka ule lilikuwa onyesho la jukwaani katika ukumbi wa opera wa kasri, mahali palipojengwa kwa ajili ya taa na watazamaji. Kuingiza watu thelathini katika chumba cha kulala chenye vitanda vya hariri ni jambo jingine. Mimi nataka kujua ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi pale pasi inapowashwa karibu na ukuta.

Mpiga picha: Mkataba humtaja mwakilishi wa nyumba. Tatizo ni kwamba mara nyingi huletwa kijana ambaye anaogopa kumkatiza mteja aliyelipa.

Mpambaji: Basi mwandike kwenye mkataba kwamba akisema "simama", kila mtu anasimama, na muda uliopotea haukatwi kwenye malipo ya wafanyakazi. Mwandike pia kwamba chumba cha kupambia kichaguliwe na mhifadhi kabla hatujafika. Hayo yakiandikwa, nitakuwa wa kwanza kupanguswa mikono mlangoni. Yasipoandikwa, naomba mtu yeyote asiniite tena asiyeambilika.

Mhifadhi: La chumba nimekubali. Neno lile nalifuta kwako wewe, na silifuti kwa yule msimamizi.