Naomba ushauri: pambano la gizani linanishinda

Wakuu, naendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la 5 (mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika na dadu zinaamua matokeo), na giza limenikwamisha.

Juzi mchawi wa kundi aliachia uchawi wa giza katikati ya ukumbi. Linaenea futi 15 kila upande, na hata macho ya kibeti yanayoona usiku hayapenyi. Nikafungua sheria. Usipomwona adui unayempiga, unarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba ndogo (kikwazo). Asipokuona yeye, unachukua kubwa (faida). Nyote hamuonani? Vinafutana, unarusha mara moja kama mchana kweupe!

Mpiga upinde aliling'amua hilo haraka. Akasimama mbali kabisa, akalenga ndani ya lile giza. Kwa kuwa faida moja hufuta vikwazo vyote, hata kikwazo cha kulenga kutoka mbali kikayeyuka. Yaani giza limemsaidia kulenga! Meza nzima ikacheka, mimi nimekodolea kitabu macho.

Najua kutoonekana si kujificha. Adui asipotumia zamu yake kujificha, kelele zinaonyesha alipo. Hilo halinisumbui.

Sasa mnaoendesha, mnaiacha sheria hivyo hivyo, au anayepiga asichokiona mnamtoza kikwazo tu, bila kufutana? Naogopa nikibadilisha, watu watakuwa wanakosa shabaha raundi baada ya raundi. Na mchawi ametumia uchawi wa daraja la 2 (ana nafasi chache za kuutumia), sitaki aone nimemdhulumu. Tunaendelea pale pale tulipoishia, adui watatu bado wamo gizani.