Gongo la polo ya baiskeli: kichwa kinapasuka

Kijana wa Tononoka:
Salaam aleikum. Twacheza polo tukiwa juu ya baiskeli, watatu kwa watatu kwenye saruji, twapiga mpira kwa magongo tunayojitengenezea wenyewe. Langu ni mpini wa alumini na kichwa cha paipu nyeupe ya PVC. Jana nimepiga mpira mmoja tu wa nguvu, kikapasuka kutoka tundu la bolti hadi ukingoni. Hiki ni cha tatu mwezi huu na inaniuma. Nakosea wapi?

Fundi, Kisauni:
Mdogo wangu, PVC ni ngumu lakini hainepi. Tafuta paipu nyeusi ya maji ya HDPE, plastiki inayonepa, ile nene yenye mstari wa buluu. Mafundi wa maji hubakiwa na vipande. Kata sentimita 12. Ncha ziwe sawasawa, usikate mshazari, maana bao ni la kupiga kwa mdomo wa kichwa, yaani ncha ya paipu, la ubavuni halihesabiwi. Tundu la kuingizia mpini liwe dogo kidogo kuliko mpini wenyewe. Chovya kichwa kwenye maji yanayochemka, kisha gongomea mpini haraka. Kikipoa, kitaukaba. Hapo ndipo utie bolti.

Dada wa Likoni:
Na juu ya mpini uzibe! Paipu wazi ukiiangukia yakata kama kisu. Mimi naziba kwa kizibo cha mpira, halafu nazungushia tyubu kuukuu ya baiskeli. Hata mkono ukiloa jasho, hauponyoki.

Kijana wa Tononoka:
Ahsanteni sana. Kesho asubuhi naenda sokoni Kongowea kutafuta hiyo paipu nyeusi.