Shule inakataza chapati za kununua, kantini yake inauza soda na soseji. Akina mama tuamke saa ngapi?

Wakuu habari za usiku. Mods, naombeni huu uzi msiuhamishie jukwaa la mapishi. Sijaja kuomba mapishi, nimekuja kulalamika.

Shule anayosoma mwanangu ni moja ya hizi za binafsi hapa Dar. Jina nalihifadhi kwa sababu ada nimeshalipa na mtoto bado yumo mle. Wametuma tangazo kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, nalifupisha: Ndugu akina mama, kuanzia Jumatatu mtoto aje na chakula kilichopikwa nyumbani. Marufuku chapati na maandazi ya kununua, marufuku chipsi, soseji, tambi za pakiti na mkate wa dukani. Atakayekutwa navyo, kikontena kitarudi nyumbani kama kilivyokuja. Halafu chini kabisa, pamoja na vile vikatuni vya mikono ya kusali: "Tukiamka mapema kidogo inawezekana."

Mapema kidogo!

Basi la shule linapita kwetu Kibamba saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Muda huo wameupanga wao, maana linazunguka kuokota watoto mitaa yote kabla halijafika shuleni. Mtoto wa darasa la pili navalisha sare macho yamefumba, soksi namvisha akiwa ameniegemea. Sasa mapema kuliko hapo ni saa ngapi? Saa tisa? Saa tisa hata wauza supu hawajakoka moto.

Halafu tazameni lilivyoandikwa. Ikidaiwa ada, ujumbe unaanza "Ndugu wazazi na walezi". Kikidaiwa chakula, "Ndugu akina mama". Na grupu lile nusu ni wanaume! Tangazo lilipotua wakaanza kushusha madole gumba: "Hongera uongozi", "Hili limechelewa", "Afya kwanza". Baba watoto wangu naye yumo, kaweka dole gumba na makofi juu, huku yupo sebuleni anasubiri ugali. Nikamuuliza, baba, hicho chakula cha alfajiri atapika nani? Akasema, "Tutaona." Mwanaume wa Kitanzania akikwambia tutaona, ujue ameshaona, na aliyemwona ni wewe.

Mimi kazi yangu ni Posta, natoka saa kumi na moja jioni. Foleni ya mwendokasi pale Kivukoni wanaoijua wanaijua. Ukibahatika kuingia unasimama wima mpaka Kimara, unashuka, unagombania gari ya Kibamba. Nyumbani naingia saa mbili, mvua ikinyesha saa tatu. Hapo nianze maharage? Maharage makavu ambayo hayajalowekwa, kwa mkaa, ni saa mbili nzima, na kama yamekaa sana stoo yatachemka mpaka mkaa uishe nayo yako vilevile. Kisamvu usipokichemsha sawasawa ni sumu, hakina njia ya mkato. Makande ndiyo usiseme, hayo ni ya siku ya kushinda nyumbani.

Kwa hiyo siku nyingi mwanangu anakwenda na chapati za mama jirani, yai nililochemsha mwenyewe na ndizi. Sioni aibu wala sitaiona.

Huyo mama jirani ndiye anayeniuma zaidi kwenye hili tangazo. Anaamka usiku kukanda ngano, anasomesha watoto wake kwa chapati na maandazi. Unga ule ule ninaonunua mimi, mafuta yale yale ya duka la Mangi pale kona, anapikia kwake, kwenye jiko analolishia familia yake. Tofauti ya chapati yake na yangu ni kwamba yake nimeilipia, na anajua kuikunja kuliko mimi. Shule inaiita chakula cha kununua, kama vile imetoka kiwandani.

Na hili la "mama zetu walikuwa wanapika" naomba tuliongee vizuri, maana mwalimu mmoja alilitoa kwenye kikao kilichopita na ukumbi ukapiga makofi. Walipika, ndiyo. Lakini huku Pwani chai ya asubuhi lini ilipikwa kila nyumba? Kwa bibi yangu Tanga tulikuwa tunatumwa na sahani na kawa kufuata vitumbua, siku nyingine mihogo na bajia, na hakuna aliyemwambia bibi kwamba halei. Kile cha mchana na usiku alikipika, lakini hakuwa peke yake. Kulikuwa na shangazi, kulikuwa na binamu waliotoka kijijini, kulikuwa na mtoto mkubwa wa kike aliyekatishwa shule abaki jikoni. Huyo wa mwisho tunamruka sana tukisifia mapishi ya zamani. Mimi sina shangazi ndani, na binti yangu simtoi darasani akasonge ugali.

Najua mtakuja na "tafuta dada wa kazi". Dada niliyekuwa naye kaolewa, kaenda zake, Mungu ambariki. Na hata angekuwepo, kumwamsha binti wa watu saa tisa usiku akakaange ili mimi nionekane mama bora kwenye grupu, hapana.

Sasa njooni kwenye kantini ya shule hiyo hiyo. Ina friji la kioo limejaa soda na juisi za rangi, kuna biskuti, krips, keki za pakiti na soseji zinazokaangwa pale pale kwenye mafuta ambayo sijui yamebadilishwa lini. Andazi la mama jirani la mia mbili ni hatari kwa afya ya mtoto, soseji ya kantini ya buku ni sawa. Nilipouliza kwenye grupu, tena kwa adabu, "Je, kantini nayo itafuata utaratibu huu?" admini akafunga grupu, ikawa viongozi tu ndio wanaoweza kuandika. Hapo ndipo nilipojua uzi huu lazima niuandike.

Kuna kitu wazazi wengi wapya hawakijui. Shule hii ilikuwa inapika. Watoto walikuwa wanapata uji wa saa nne na wali maharage mchana. Wakaja kusema gharama zimepanda, jiko wakaligeuza stoo, na ada haikushuka hata shilingi mia. Yaani kazi iliyokuwa inafanywa na wapishi wawili na msaidizi kwa sufuria kubwa, wamezigawia nyumba mia kadhaa, kila nyumba na sufuria lake, na mama wake wa kuamka usiku. Kisha wanatupa somo la lishe.

Nenda shule za msingi za serikali mikoani. Wazazi wanachanga mahindi na maharage, wengine wanachanga na kuni, yanapikwa makande, watoto wanakula kwa pamoja. Sisemi mambo yote yako sawa kule, michango inasumbua na kuna shule watoto wanashinda njaa. Ila wazo lao ni sahihi. Sisi tunaolipa ada za mamilioni ndio tumeshindwa kuwasha jiko moja.

Sitetei chipsi, tafadhali. Mafuta yanayorudiwa mpaka yanakuwa meusi nayajua, tomato iliyokorogwa na maji nayo naijua. Chipsi za moto kumiminwa kwenye nailoni wakati mifuko ya plastiki tumeambiwa marufuku tangu Juni 2019, naziona kila jioni. Tambi za pakiti nazo chumvi yake si mchezo, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto chini ya hapo. Lakini wakuu tuambizane ukweli, mchuzi wa nyumbani uliotiwa vidonge viwili vya kuongeza ladha na chumvi ya kukadiria kwa kiganja unapona wapi hapo? Jiko kuwa la kwako hakupunguzi chumvi.

Kabla grupu halijafungwa baba mmoja alituandikia waraka. Anasema wanawake wa vijijini wanapika kila kitu wenyewe na watoto wao wana afya, wa mjini ndio tumeharibika. Nikaona huyu hajui nchi yake. Utafiti wa afya wa taifa, TDHS wa 2022, ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa inayoongoza ni ipi? Iringa karibu 57 kwa mia, Njombe 50, Rukwa karibu 50. Iringa na Njombe za mahindi, viazi, maharage, maziwa, maparachichi! Huko hakuna foleni ya mwendokasi na watoto hawadumai kwa soseji. Chakula kinapikwa nyumbani. Wataalamu wa lishe wakieleza sababu, pamoja na ugali kuliwa bila vyakula vingine vya kutosha, wanamtaja mama aliyeelemewa na shamba, anayeondoka asubuhi na kurudi jioni, mtoto analishwa mara chache na anabaki na mtoto mwenzake. Mama yule wa Njombe na mimi wa Kibamba shida yetu ni moja, saa hazitoshi, na wote wawili tunaambiwa tuongeze bidii.

Kuhusu nishati, kabla hamjaniletea. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Naunga mkono. Mimi mwenyewe nina mtungi wa gesi, na kwenye mchezo wetu wa akina mama kazini nilipopokea zamu yangu nilinunua jiko la presha la umeme. Maharage yaliyolowekwa yanaiva chini ya saa moja na hayamalizi uniti moja ya umeme. Limenisaidia sana, anayeweza anunue. Ila halichambui mchele, halimenyi vitunguu wala halioshi vyombo, na umeme ukikatika linabaki pambo. Kila nikilisifia kazini kuna mwanaume ataniambia, "Basi siku hizi kupika mmerahisishiwa." Tumerahisishiwa! Na wewe si ubonyeze kitufe?

NYONGEZA 1: Naona mmeanza. Aliyesema niache kazi nilee mtoto: mkuu, nusu ya ada inatoka kwenye mshahara wangu. Nikiacha kazi hatutagombana tena na shule kuhusu chakula, maana mtoto hatakuwa shuleni.

NYONGEZA 2: Mdau wa Nairobi asante. Anasema kwao mama mboga anakukatia sukuma wiki wewe umesimama, na maharagwe na githeri, yaani makande yao, yanauzwa mtaani yameshachemshwa, unakwenda kukaanga tu na kitunguu. Hata sisi tunavyo vya namna hiyo, nazi inakunwa na mashine sokoni, kisamvu unauziwa kimetwangwa tayari. Mbona hayo hatuyaiti uvivu? Maharage ya kuchemsha ndiyo nayatamani huku Kibamba. Kijana anayetafuta biashara, nakupa bure, weka sufuria pale stendi saa moja jioni uone.

NYONGEZA 3: Kuna anayesema nipike Jumapili, nigandishe kwenye friji cha wiki nzima. Wali na mchuzi wa friji nafanya, sina tatizo nao. Lakini alfajiri bado kuna kupasha, kufungasha, na kile chakula kinakaa kwenye kikontena mpaka saa saba mchana kwenye joto la Dar bila friji wala pa kupashia. Mchuzi wa nazi hapo unafika umeshaanza kuchacha. Nilishawaandikia walimu kuuliza kama darasani kuna hata maikrowevu moja, sijajibiwa.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Nakwenda, na baba watoto anakwenda, nimeshamwambia hilo dole gumba aje alielezee mbele za watu. Tutaomba mambo mawili tu: jiko lifunguliwe tulipie chakula cha pamoja, na mpaka siku hiyo tangazo lifutwe au kantini nayo ifungwe. Kuna akina mama kama kumi wameniandikia pembeni wanasema tuko pamoja, ila nawajua, kikaoni nusu yao watatazama chini.

Kwa hiyo naomba msaada wenu wa maana. Mwenye mtoto kwenye shule ya binafsi inayopika uji na chakula cha mchana, hapa Dar au hata Moro na Dodoma, aniambie wanatoza kiasi gani kwa muhula, wanapika nini kwa wiki, na kama mzazi anaruhusiwa kuingia jikoni kuangalia. Jina la shule sihitaji. Nataka niingie na namba mkononi wasije wakaniambia haiwezekani.