Kwa nini wakala anamtii "bosi" wa kwenye simu?

kibanda_mwanga: Wakuu, hapa Kigoma vijana wa vibanda vya fedha, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wanapigiwa simu na mtu anayejiita ofisa wa makao makuu. Bonyeza hapa, tuma kule, floti (fedha ya biashara iliyo kwenye laini) imekwenda. Na ni watu wenye akili zao. Kinachowashika ni nini? Kijana mpya afundishwe nini zaidi ya "kuwa makini"?

saikolojia_ujiji: Tatizo si uzembe. Mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, 1961, aliwaagiza watu 40 wampige mtu umeme kila akikosea swali. Umeme ulikuwa wa uongo, wao hawakujua. 26 walifika volti 450, mwisho wa mashine. Wengi husema kilichowashika ni koti la kitaalamu la msimamizi aliyekuwa akiwaagiza. Mimi naangalia swichi. Zilikuwa 30, kila moja ikiongeza volti 15 tu. Ukishakubali 60, 75 utaikataa kwa hoja gani? Tapeli naye hupanda hivyo: taja jina la kibanda, soma salio, bonyeza namba ya "uhakiki". Akifika kwenye namba ya siri, umeshaitikia mara nne, tano.

reli_ya_kati: Lakini mkuu, Milgram huyohuyo alipoagiza kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi kama mmoja kati ya watano. Simu si inapunguza nguvu?

saikolojia_ujiji: Pale waliambiwa wamuumize mtu anayelia. Agizo likifanana na kazi ya kila siku, ni habari nyingine. Marekani, 1966, jaribio la daktari wa akili Hofling: "daktari" wasiyemjua aliwapigia wauguzi 22 watoe miligramu 20 za dawa ambayo boksi lake liliandikwa mwisho 10. 21 walikuwa njiani kuitoa walipozuiwa. Mwaka 1977 jaribio likarudiwa kwa dawa wanayoifahamu, na wakaweza kuulizana: 16 kati ya 18 hawakutii.

dada_floti: Basi kinga ni mwenzako. Hata kwa Milgram, mshiriki alipoona wenzake wawili wamegoma, waliofika mwisho walibaki 4 kati ya 40. Aliye peke yake kibandani akate simu kabla ya kubonyeza chochote, amwambie wakala jirani, kisha apige yeye namba ya huduma iliyobandikwa ukutani, siyo ile iliyompigia. Asibishane na tapeli, majibu anayo yote. "Nitapiga mwenyewe," inatosha.

kibanda_mwanga: Akitishia kufunga laini ndani ya dakika tano?

dada_floti: Aifunge. Ikifungwa kweli, utakwenda ofisini na kitambulisho wakufungulie.