Throto ya Corolla NZE: kuitoa, kupuliza ikiwa palepale, au ile "dripu" ya gereji?

Kijana wa Umoja
Wadau, hamjambo. Nina Corolla NZE 121 ya 2004, ile ambayo throto yake (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ni ya umeme, si ya kuvutwa kwa waya wa pedali. Asubuhi linawaka vizuri tu. Shida huanza likishapata joto nikiwa kwenye foleni pale Pangani, Nairobi: saileni, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali, inashuka mpaka sindano inagusa 400, gari linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na nikiwasha AC linazima kabisa. Nikipiga ufunguo linawaka tena. Lakini matatu zilizo nyuma yangu hazina subira, mnazijua.

Nilifungua mpira wa hewa, lile bomba linalopeleka hewa kwenye throto, nikachungulia. Kile kisahani cha throto ni cheusi tititi, na ukingoni kina utando kama lami. Fundi mmoja wa Grogan anataka kuitoa aioshe kwa petroli, shilingi 1,500. Jirani ananiambia ninunue kopo la dawa nipulize mwenyewe bila kutoa kitu. Halafu kuna gereji Industrial Area inayotaka 6,000: wanatundika chupa ya dawa, injini inaivuta kidogo kidogo kupitia manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa), kama dripu ya hospitali. Ninyi mngefanya lipi?

Mama Probox
Kaka, 6,000 weka mfukoni kwanza. Probox yangu ina injini hiyo hiyo ya 1NZ na throto niliisafisha mwenyewe kwenye maegesho ya ploti. Bisibisi ya kulegeza klipu za mpira, mswaki mkuukuu, vitambaa viwili na kopo la dawa ya throto. Siri ni kupulizia kitambaa, si kumwagia throto. Ukimwaga, uchafu wote unateremka ndani. Na usiridhike ukiona upande wa mbele unang'aa. Uchafu mwingi hukaa nyuma ya kisahani na pale ukingo wake unapogusana na ukuta, kwa sababu saileni yote hupita kwenye huo mwanya mwembamba. Kopo langu halikufika hata nusu.

Fundi Kariobangi
Mama amesema kweli, ila niongeze, maana hizi throto naletewa zikiwa zimeshaharibiwa.

Throto ya umeme haitumbukizwi kwenye karai la petroli. Ina mota na sensa ya kupima kisahani kimefunguka kiasi gani, na petroli ikipenya humo utanunua nyingine. Zile za waya za mwanzoni zilivumilia zaidi, ingawa nazo zina valvu ya saileni ambayo haipendi kulowekwa. Usisukume kisahani kwa kidole ufunguo ukiwa umewashwa, gia zake za ndani ni za plastiki. Na brashi ya waya iache nyumbani.

Kuitoa ndiyo njia safi kuliko zote, kwa sababu unaona pande zote mbili. Lakini 1NZ ina mipira miwili midogo ya maji ya rejeta inayopita kwenye throto. Ukiichomoa injini ikiwa moto utaungua, na ukisahau kujaza maji yaliyomwagika utakuja kulia kwa jambo lingine kabisa. Tazama gasketi pia kabla ya kurudisha. Kama mikono yako haijazoea, fanya ya Mama Probox, uchafu mwingi utatoka.

Dripu? Kwa injini yako naona ni kutupa pesa. Petroli ya 1NZ hupulizwa nyuma ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo valvu zinaoshwa kila siku bila malipo. Wenye shida ni wale wa D-4, ambao petroli yao inaingia moja kwa moja kwenye silinda na valvu hazionji hata tone. Hapo kaboni inaganda kweli, na ikishakuwa ngumu hata dripu haiitoi. Tena anayetundika chupa awe anajua kazi: dawa ikiingia nyingi kwa mkupuo, pistoni inakutana na maji yasiyobanika na mkono wake unapinda.

Jirani Mbishi
Mimi naosha za kwangu kwa petroli tangu enzi za kabureta na bado naendesha.

Fundi Kariobangi
Mzee wangu, kabureta haikuwa na mota.

Babu Tiida
Hakuna aliyekutajia kinachokuja baada ya kusafisha. Kompyuta ya gari ilikuwa imeshazoea uchafu, inafungua kisahani zaidi ili kufidia. Ukishasafisha, hewa inaingia nyingi ghafla. Tiida yangu ilibaki inanguruma kwenye 1,500, nikadhani nimeua kitu. Nissan nyingi zinataka kufundishwa saileni upya, kwa mashine au kwa ule mchezo wa kukanyaga na kuachia pedali kwa kuhesabu sekunde. Nilikosea mara nne, mke wangu ananitazama dirishani. Toyota yako haina maringo hayo: chomoa waya hasi wa betri dakika kumi, rudisha, washa, uliache lijizoeshe bila kugusa pedali. Redio itasahau stesheni zako.

Mwalimu wa Rongai
Mnaosha throto tu? Kabla hewa haijafika huko imepita kwenye chujio na sensa ya kupima hewa. Sisi wa barabara za vumbi tunajua. Chujio la karatasi ukilipuliza kwa kompresa, hewa itoke ndani kwenda nje, tena kwa upole. Mafundi wengi wanapuliza kinyume na kulishindilia vumbi. Likichakaa nunua jipya.

Sensa imeshikwa kwa skrubu mbili tu, na ndani ina kiwaya chembamba kuliko unywele. Dawa ya throto isiikaribie, ina kopo lake maalumu. Puliza, usiguse hata kwa pamba, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha.

Nje ya mada kidogo: wenye Honda Fit, msidanganywe sensa ya presha imekufa eti inasoma kilopaskali 82 au 83 injini ikiwa imezimwa. Nairobi iko juu, hewa yetu ni nyepesi. 101 ni ya Mombasa.

Kijana wa Umoja
Narudi na matokeo. Jumapili nilifuata njia ya Mama Probox, vitambaa vyote viwili vimekuwa kama vya fundi wa baiskeli. Betri nikachomoa. Saileni ilianza 1,400, ikateremka taratibu hadi 700. Nikafurahi. Jumatatu Pangani, AC ikiwashwa, linatetemeka tena! Halizimi, lakini linatetemeka. Na taa ya injini imewaka, mashine imesoma P0171.

Fundi Kariobangi
Hiyo ni hewa kuzidi petroli. Ulipochomoa mpira wa hewa, uliukunjua ile mikunjo yake ukatazama ndani, hasa chini?

Kijana wa Umoja
Fundi, ubarikiwe. Mpasuko wa urefu wa kidole, chini kabisa kwenye mkunjo wa pili. Ukiwa umefungwa hauonekani, injini ikitikisika unafunguka na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Nimepata mpira mwingine wa mtumba hapo Kirinyaga Road. Leo nimekwenda Westlands na kurudi, AC ikiwa juu, sindano haikuyumba.

Mama Probox
Na ile lami ya mwanzo ilitoka wapi? Ni mvuke wa oili. Toa valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke huo kwenye njia ya hewa, uitikise sikioni, isipolia imeziba.

Kijana wa Umoja
Nitaitikisa Jumamosi, mama. Spana namba ngapi?