Fundi wetu maarufu ameniambia nikapime macho

Ndugu wanajukwaa, naandika hasira ikiwa bado kooni. Simtaji, kwa kuwa kila aliyewahi kuharibikiwa na kompyuta hapa Mwanza anamfahamu: ni yule wa mjini kati, ambaye kiti pekee cha wateja amekijaza maboksi. Leo asubuhi, mbele ya watu, kijana huyo ninayeweza kumzaa ameniambia: "Mwalimu, mashine haina tatizo, kapime macho."

Kompyuta mpakato yangu ikiwashwa asubuhi huwa safi kabisa. Ikishapata joto, mistari ya kijani na ya zambarau hushuka kutoka juu hadi chini, herufi za mtihani ninaoutunga hukatika vipande vipande, kisha kioo huganda na mashine hujizima yenyewe. Nilimweleza hayo yote, nikamsihi aiache iwake kwa muda, kwa sababu ubovu huo hauonekani mashine ikiwa ya baridi. Aliiwasha, akaitupia jicho kwa muda usiotosha hata kukoroga sukari kwenye chai, akaifunika kwa kishindo, akanituma kwa daktari wa macho. Kapime macho! Hata mama aliyekuja kununua chaja alicheka huku akiitazama miwani yangu.

Fundi anayeijua kazi huchomeka kebo ya HDMI kwenye skrini ya nje. Mistari ikibaki kwenye kioo cha mashine peke yake, mshukiwa ni kioo hicho au ule waya wake mwembamba unaopita kwenye bawaba, ambao huchakaa kwa kufunua na kufunika. Ndiyo maana mistari ya namna hiyo hubadilika mfuniko ukitikiswa. Ikitokea kwenye skrini zote mbili, mshukiwa ni chipu ya grafiki, ile inayochora picha za skrini; kioo hakina kosa, na macho ya mteja hayana kosa pia. Huingia vilevile kwenye BIOS, programu ya msingi ya mashine, kabla Windows haijaanza, maana mistari ikiwapo hata huko, dreva, yaani programu ya Windows inayoendesha grafiki, haihusiki. Skrini ya nje alikuwa nayo mezani, akitazamia mpira.

Nimerudi Nyegezi, nimeiunganisha mashine na runinga, nimeiacha icheze video. Ilipopata joto, mistari ileile ikatanda kwenye runinga nzima, mjukuu wangu akapiga kelele kwamba runinga imevaa kitenge. Mke wangu ameiona na jirani ameiona. Je, mtaa mzima ukapime macho?

Na huyu ndiye aliyeipuliza chipu ya grafiki kwa hita mara ya kwanza, akachukua shilingi 70,000 na kuniapia kwamba ameweka chipu mpya. Joto la hita huweza kuiamsha chipu kwa muda, lakini haliondoi ubovu wake, kwa hiyo mistari hurudi. Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza hadharani kwamba baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato zilikuwa na udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuziunda, ikatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharimia matengenezo. Kampuni ya ukubwa huo haikumwambia mteja akapime macho!

Binti_wa_Kirumba: Pole sana, Mwalimu. Mimi aliniambia kioo kimekufa, nikanunua kipya, na mistari ikatokea kwenye hicho kipya. Nilipolalamika, alijibu kwamba kioo kipya kimejifunza tabia za kile cha zamani.

Sangara_Mkavu: Mwalimu, kwa heshima zote, macho umeyataja katika kila aya. Simu ulikuwa nayo mfukoni. Kwa nini hukumrekodia mistari hiyo ukamwonyesha? Halafu utueleze, miwani hiyo ni ya mwaka gani?

Mwalimu_Nyegezi: Video nilimwonyesha kabla hajafungua mdomo. Alisema kamera ya simu yangu ndiyo mbovu, kisha ndipo akasema nikapime macho.

Sangara_Mkavu: Basi simu nayo ikapime macho.

Mkazi_wa_Igoma: Afadhali ninyi mnaorudishiwa mistari yenu. Yangu niliipeleka kusafishwa feni tu, ikarudi nzito kupita kiasi. Nilipofungua sifa za mfumo nikakuta RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 imekuwa GB 4. Aliniambia nyingine imeliwa na Windows.

Nansio_Kwetu: Mnalalamika wakati fundi mnamfikia kwa daladala. Sisi wa Ukerewe tunavuka ziwa na mashine mapajani, tukifika tunaambiwa turudi kesho, kana kwamba kivuko kinatungoja gatini.

Binti_wa_Kirumba: Igoma, usiache mashine tena kabla ya kupiga picha ya ndani yake mbele ya fundi, RAM na diski zikionekana na namba zake. Mimi betri yangu ilibadilishwa nikapewa iliyovimba hadi kipanya cha mguso kikainuka.

Mkazi_wa_Igoma: Wangu ni huyohuyo! Betri ya kuvimba alimpa na shemeji yangu.

Duka_la_Buzuruga: Ndugu wa Igoma, hiyo RAM iliyopotea ni ya aina ya DDR3 au DDR4? Ninayo moja ya GB 4, na unaruhusiwa kuijaribu hapahapa kabla ya kulipa.